Maziwa ya Bi Mkubwa

Jua halijapanda juu ya ukuta wa taasisi ya utafiti, na tayari mwanamke mmoja mfupi, mwenye mabega mapana, amesimama kwenye sinki ananawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu. Ananawa hadi viwikoni. Anavaa koti, barakoa, kofia ya kitambaa na viatu vya mpira. Anasukuma mlango wa kwanza kwa bega, anasubiri ujifunge nyuma yake, ndipo anasukuma wa pili.

Ndani kuna uvuguvugu na harufu ya maranda. Vizimba vya plastiki vimepangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na katika kila kimoja kuna panya weupe wenye macho mekundu. Wengine wanatafuna. Wengine wamelala wamerundikana kama nguo zilizoanuliwa kambani.

Anavuta kizimba kimoja taratibu na kufunua kifuniko. Anakipulizia kiganja chake ili kipate joto, kisha anamwinua kichanga aliyezaliwa jana. Hana manyoya, ana rangi ya waridi, hazidi ukubwa wa harage. Kupitia ngozi yake nyembamba linaonekana doa jeupe ubavuni.

"Unaliona hilo doa?" anamuuliza mgeni aliyeingia naye. "Hayo ni maziwa. Kichanga mwenye doa amenyonya. Asiye nalo, mama yake kamkataa, na huyo hana siku nyingi. Kazi yangu huanza hapo, kutafuta doa."

Wenzake kazini wanamwita Shangazi. Mtaani kwake anaitwa Paka, na jina hilo lina utani wake.

"Paka wengine hulipwa kwa kula panya," humchokoza jirani yake seremala kila anapompita asubuhi. "Huyu wetu analipwa kuwalisha. Ndiyo maana panya wa mtaa huu hawaishi, wanangoja zamu yao."

Shangazi hucheka na kupita. Amezoea. Ambacho hajazoea, na anasema hatazoea, ni kile kilichotokea katika chumba hiki mwaka juzi, mkono wake ulipofanya wema mdogo na wema huo ukageuka na kumtazama usoni.

Alianza hapa kama mfagiaji wa korido. Siku moja mtunza wanyama mmoja mzee, ambaye sasa amestaafu, alimwomba amshikie kizimba huku akitafuta funguo mfukoni. Alikishika bila kupiga ukelele wala kugeuza uso. Mzee akamtazama vizuri. Haukupita muda, ufagio ukapata mtu mwingine, na yeye akahamishiwa chumba cha uzazi, kule panya wanakozalishwa.

Mshahara uliongezeka kidogo, na mpaka leo haujafikia wa dereva wa taasisi. Lakini ukiunganishwa na kazi ya mumewe ya kushona viatu umesomesha watoto watatu, na unamtunza mama mkwe wake anayeishi nao.

Mama mkwe huyo hajawahi kuipenda kazi ile. "Nyumba za watu hufuga paka wafukuze panya," huwaambia wageni, mkwewe mwenyewe akiwapo. "Mwanangu mimi kaoa mfuga panya." Kikombe cha chai ambacho mkwewe amemletea hukisuuza tena kabla ya kunywa, mbele ya macho yake, bila kificho.

Chumba cha uzazi kina desturi ambayo haijaandikwa ukutani, lakini kila mtunzaji anaijua. Panya jike akiwakataa wanawe, au akifa, vichanga hawaachwi. Hutafutwa jike mwingine mwenye maziwa, naye hutolewa kizimbani kwa muda mfupi. Mtunzaji huchota konzi ya maranda yake, yaliyoshika harufu yake, akawasugulia vichanga wageni mgongoni na tumboni, polepole, kisha akawalaza kiotani. Jike akirudishwa hunusa, husita, halafu hujilaza juu yao. Kadi ya kizimba huhama pamoja na vichanga, kwa sababu kule kadi hufuata watoto.

"Panya hasomi kadi," mzee yule alimfundisha. "Panya anasoma harufu. Wewe mpe harufu."

Shangazi alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Siku za kazi hapaki mafuta yenye manukato, hata kama jioni anakwenda harusini. Majike waliowatupa wageni wa watunzaji wengine waliwapokea wageni wake. Alikuwa akijisifu kwa hilo, na wenzake walikuwa wakimwita kama mkunga wakiwa na shida. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Yeye alilea wana wa wasiojua hata kushukuru.

Kisha mtunzaji mmoja wa chumba cha pili akaumia mgongo, na Shangazi akaombwa kushika nafasi yake kwa muda. Chumba hicho wafanyakazi hukiita wodi.

Wodini panya hawazalishwi ili waongezeke. Huzaliwa ili waumwe. Kichanga akiwa mdogo kabisa huchomwa sindano yenye kirusi kinachosababisha saratani ya damu. Kirusi huingia katika chembe zinazotengeneza damu na kuzichafulia kazi. Wengu, kile kiungo kilichojificha chini ya mbavu za kushoto, huvimba mpaka tumbo linainuka upande mmoja. Damu njema hupungua. Nyayo za panya, ambazo kwa mzima ni za waridi, hupauka kama karatasi.

Siku ya kwanza alipomwona mmoja aliyefikia hapo, amejikunja pembeni, manyoya yamesimama kama vinyweleo vya mtu aliyeshikwa na baridi, Shangazi alitoka nje, akaketi chooni na mlango ameufunga. Hakulia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ukuta mmoja na chumba hiki, na vichanga wengi waliovuka ukuta huo yeye ndiye aliyewanusuru.

"Nilikuwa nawaokoa kwenye njaa nikiwaleta huku," anasema. "Kumbe nilikuwa nawanenepesha."

Mtafiti mkuu, mwanamke wa makamo asiyepaza sauti, ambaye kila mtu humwita Daktari tu, alimkalisha chini na kumweleza. Kundi moja la vichanga, baada ya kuchomwa kirusi, huchomwa pia kingamwili, yaani vile vikosi vidogo vya damu vinavyomshika adui na kumfunga asiingie. Kundi la pili huchomwa maji ya chumvi tu. Wa kundi la pili hufa. Wa kundi la kwanza hupona, na hapo ndipo penye ajabu, kwa sababu kingamwili walizochomwa huisha mwilini baada ya wiki chache, lakini panya hao huendelea kutengeneza za kwao hadi uzeeni. Dawa haikuwatibu tu. Iliwafundisha.

Daktari alikuwa akiwazalisha majike waliopona ili aone kama fundisho hilo linadumu. Mmoja wao alikuwa mkubwa, mtulivu, mwenye sikio moja lililochanika. Ni marufuku kuwapa panya majina, kwa kuwa jina humfanya mtu apendelee. Shangazi alimpa hata hivyo, kimoyomoyo. Alimwita Bi Mkubwa.

Siku ya tukio lenyewe Daktari alikuwa safarini. Mafundi wa mabomba ya hewa walipanda darini bila kumwarifu mtu wa wodi, wakaanza kutoboa zege. Kelele zilishuka ukutani na kutetemesha vizimba. Katika rafu ya kundi la maji ya chumvi, jike mmoja mchanga mwenye watoto watano alichanganyikiwa. Shangazi alipofika mbio alimkuta amekwisha kumuua mmoja kwa meno na wanne wametawanyika kwenye maranda, wa baridi, bila doa la maziwa.

Kwenye rafu ya pembeni, Bi Mkubwa alikuwa anazungukazunguka. Asubuhi ile ile vichanga wake walikuwa wamechukuliwa kupimwa damu, wala wasingerudishwa. Chuchu zake zilikuwa zimejaa.

Huku watoto bila mama, kule mama bila watoto. Shangazi hakufikiri. Mikono ilifanya ilichokizoea: ikamtoa Bi Mkubwa, ikachota maranda, ikasugua migongo minne midogo, ikawalaza, ikahamisha kadi. Bi Mkubwa alirudi, akanusa, akajilaza. Kabla ya chakula cha mchana madoa manne meupe yalikuwa yanaonekana.

Mafundi walishuka, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Shangazi alimtenga jike mchanga, akasafisha damu na kuendelea na rafu nyingine. Hakuona kuwa lipo la kumweleza mtu. Chumba cha uzazi angefanya hivyo hata mara tatu kwa wiki.

Wiki zikapita. Vizimba vingine vyenye kadi za maji ya chumvi vilianza kunyamaza kimoja kimoja. Kimoja hakikunyamaza. Vichanga wanne waliota manyoya, wakafumbua macho, wakaachishwa maziwa na kuhamishiwa kizimba chao, wakaanza kupanda wavu wa chakula na kuning'inia kichwa chini kama watoto wa shule. Shangazi aliona, akafurahi kidogo, akanyamaza. "Nilidhani ugonjwa ni kama mvua," anasema. "Si kila paa linalovuja."

Daktari aliporudi na kuvuta kizimba kile, uso ulimbadilika. Aliita mtu wa sindano.

Mtu wa sindano ni baba wa mapacha, mpole, mwenye vidole virefu kama vya mpiga kinanda. Ndiye anayechoma kirusi. Waliokuwamo mle ndani walielewa mara moja maana ya swali aliloulizwa: panya hawa wazima, je, kweli uliwachoma? Alisema aliwachoma. Aliulizwa tena. Akasema yuko tayari kuapa. Afisa utawala, aliyekuwa amekuja kukagua matengenezo ya mabomba, akatia neno kwamba kuruka sindano na kudai umechoma ni kosa la kufukuzwa, na kwamba taasisi haiwezi kulipa mtu wa kubahatisha.

Ndipo Shangazi alipoingia na gunia la chakula begani. Aliwakuta wamemzunguka yule mtu, naye amekodoa macho kizimbani kama anayewaomba panya wamtetee. Aliuliza kuna nini. Akaelezwa.

"Hao?" akasema, akitua gunia. "Hao si walihamia kwa mama mwingine."

Wote walimgeukia.

"Mama yupi?" Daktari akauliza.

"Yule mtulivu wa rafu ya pembeni. Mwenye sikio lililochanika. Wa kwao aliwang'ata siku ya kelele, nikawapa yule. Alikuwa na maziwa."

Daktari aligeuza ndoo iliyokuwa karibu, akaikalia. Daktari yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi wodini. Alikaa pale mikono imemning'inia katikati ya magoti, anamtazama Shangazi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Kwa hiyo walinyonya," Daktari akasema, si kwa mtu. "Waliugua, halafu walinyonya."

Shangazi hakuelewa. Alielewa neno lililofuata, kwa sababu lilitoka kwa afisa utawala na lilikuwa la lugha anayoifahamu. Kumbe ni wewe, alisema. Kumbe umehamisha wanyama wa jaribio bila ruhusa.

Wodini, akaelezwa, kadi haifuati watoto. Wodini hakuna kinachohama. Kundi la maji ya chumvi ndiyo mizani ambayo dawa hupimwa nayo. Ukiingiza kidole kwenye mizani, kipimo chote kimeharibika. Kazi ya Daktari ya miezi mingi haikuweza tena kuaminika, na aliyeiharibu alikuwa amesimama pale na vumbi la chakula cha panya begani.

"Nilihisi sakafu imeondoka," anasema. "Maana sikuwa nimeiba, sikuwa nimelala kazini. Nilikuwa nimewapa watoto maziwa. Nikawa nauliza moyoni, sasa hapo kosa liko wapi? Na nilikuwa naliona kabisa liko wapi."

Afisa utawala alitaka aondoke siku hiyo hiyo. Daktari alikataa, na alichokisema kilimshtua Shangazi kuliko kufukuzwa. Alisema panya wanne si ushahidi, ni bahati tu mpaka ithibitishwe. Huenda maziwa ya jike aliyepona yana kingamwili za kutosha kumwokoa mtoto ambaye kirusi kimeshamwingia. Huenda si hivyo. Lazima jambo lile lile lifanywe tena, safari hii kwa makusudi, kwa vichanga wengi, na mikono ya kuhamisha lazima iwe ile ile, kwa sababu majike huikubali.

Wakapatana. Shangazi atabaki mpaka jaribio liishe. Vichanga wakipona, kosa lake litasamehewa. Wakifa, basi aliharibu kazi bure, na njia ya lango anaijua.

Nyumbani, mumewe alimfariji kwamba hata viatu huwa anavishona vibaya akavifumua. Mama mkwe alikuwa anasikiliza akiwa mlangoni.

Kile ambacho Shangazi hakukifikiria alikitambua asubuhi ya jaribio, glavu zikiwa tayari mikononi. Vichanga wote walikuwa wamechomwa kirusi. Upande mmoja wa meza kulikuwa na vizimba vya majike waliopona, Bi Mkubwa akiwamo. Upande wa pili, majike wa kawaida, wazima, wenye maziwa mengi na upendo uleule, lakini maziwa yasiyo na fundisho. Nusu ya vichanga waende huku, nusu kule. Wote wanusishwe. Wote wapokelewe. Na wote mkono wake uwabebe.

Mara ya kwanza aliokoa bila kujua. Sasa alitakiwa kuacha huku anajua.

Aliuliza nani anachagua. Daktari akamwambia hachagui mtu yeyote, huchagua kura, ili pasiwe na upendeleo. Alitia vifuniko vya chupa ndani ya boksi tupu la glavu, vyeupe na vyekundu, akamsogezea avute.

"Daktari, nitabeba," Shangazi alimwambia. "Kuvuta, nisamehe, vuta wewe."

Daktari akaingiza mkono ndani ya boksi. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Mmoja alivuta, mwingine alibeba. Cheupe, kwa Bi Mkubwa na wenzake. Chekundu, ng'ambo. Kulikuwa na kichanga mmoja mchangamfu kuliko wote, aliyekuwa anapiga mateke hewani kama anaogelea. Shangazi alijikuta anamwombea. Kifuniko kilitoka chekundu. Alimsugulia maranda kwa uangalifu uleule, hata zaidi, akamlaza kwa mama aliyempokea vizuri. Doa lake la maziwa lilikuwa kubwa kuliko ya wenzake.

Hapo ndipo alipofanya hesabu ambayo hakuna aliyemwomba aifanye. Lile kundi la vifuniko vyekundu lilikuwepo kwa sababu yake. Asingewagusa wale wanne siku ya kelele, jaribio la kwanza lingeisha, lingeaminika, na hawa wasingezaliwa kuja kufa. Wema hauozi, ndivyo tulivyofundishwa. Hatukuambiwa kwamba unaweza kuzaa vifo.

Wiki zilizofuata alilala vibaya na kuamka vibaya. Alianza na nyayo. Kila asubuhi, kabla ya chakula na maji, alikuwa anatazama nyayo kupitia plastiki ya chini ya kizimba. Upande mwekundu zilianza kupauka. Yule mwogeleaji alikuwa wa tatu. Panya akifikia hatua ya kuteseka, haachwi. Hulazwa kwa hewa maalumu, asiamke. Kazi hiyo ni ya mtunzaji. Shangazi aliifanya mwenyewe, akikataa kusaidiwa na mtu wa sindano, aliyekuwa amejitolea kwa shukrani.

"Mdogo wangu," alimwambia, "wewe uliwapa ugonjwa kwa sababu ni kazi. Mimi niliwapa mama kwa sababu ni kazi. Mwisho wao nao uache uwe wangu."

"Dada, utajiua."

"Sijiui. Nawasindikiza."

Upande mweupe nyayo zilibaki waridi. Si zote. Mmoja aliugua na kufa, na siku hiyo Shangazi alihisi lango la taasisi limemsogelea. Lakini wengine waliota manyoya, wakafumbua macho, wakaning'inia kwenye nyavu. Damu yao ilipopimwa ilionyesha kitu ambacho kilimfanya Daktari aipime tena, na tena. Vichanga wale hawakuwa wamelindwa tu na maziwa. Baada ya kuachishwa, walikuwa wameanza kutengeneza kingamwili zao wenyewe, kama mama zao walivyofanya. Fundisho lilikuwa limepita kutoka chuchu hadi mdomo.

Daktari alimwita ofisini na kumpa habari hiyo kwa mdomo wake, pamoja na ile ya kusamehewa. Afisa utawala naye alikuwepo, akasema jambo kuhusu nidhamu ambalo halikusikilizwa na mtu.

Shangazi alishukuru. Kisha akauliza wale waliopona watafanywa nini. Itabidi walazwe na kupasuliwa, Daktari alisema taratibu, ili wengu wao uonekane. Bila hivyo hakuna atakayeamini.

Alikuwa ameingia ofisini akidhani kuna waliookoka. Alitoka akijua kwamba katika chumba kile hakuna aliyewahi kuokoka. Kuna waliojibu swali kwa kufa wakiwa wagonjwa, na waliolijibu kwa kufa wakiwa wazima. Aliomba kitu kimoja tu. Bi Mkubwa, ambaye damu na maziwa yake yalikuwa yamekwisha kupimwa, aachwe azeeke. Daktari alifikiri, akasema hilo linawezekana, kwa kuwa hata uzee wake ni swali.

Habari zilienea. Wageni wakaja, wakapeana mikono na Daktari, mmoja wao akampa Shangazi mkono pia. Mtaani seremala alitangaza kwamba Paka amegundua dawa, na kwa siku kadhaa watoto walikuwa wanamwamkia mara mbili. Yeye aliwaambia wote alichoambiwa na Daktari, kwamba panya si binadamu, kwamba safari kutoka kizimbani hadi wodi ya watu ni ndefu na wengi hupotelea njiani.

Nyumbani alisimulia yote mezani. Mumewe alipiga paja kwa furaha. Watoto walitaka kujua kama jina lake litaandikwa mahali. Mama mkwe alikuwa anazungusha kikombe chake mkononi.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine wepi, mama?"

"Wa chekundu. Nao walinyonya, si ndiyo? Nao mama zao waliwalalia."

Shangazi anasema katika watu wote, wasomi na wasiosoma, ni mwanamke huyo tu, anayeona kinyaa hata kulitaja neno panya, aliyeuliza swali hilo. Shangazi aliweka uso wake kwenye kitambaa cha meza akalia kilio ambacho hakukilia chooni siku ile. Mama mkwe alimwacha alie mpaka akamaliza. Kikombe, hata hivyo, bado anakisuuza.

Jibu alilipata baadaye, kazini, na ndilo linalomfanya asiombe kurudi chumba cha uzazi ingawa nafasi ipo. Daktari amemwahidi kwamba swali lile halitaulizwa tena kwa njia ile. Limejibiwa, limeandikwa vizuri, na yeyote duniani anayetaka kulijua anaweza kulisoma badala ya kuanza upya na vichanga wapya. Majaribio yanayofuata yatauliza mengine, kama vile ni maziwa kiasi gani yanatosha, na yatatumia panya wachache zaidi.

Kwa hiyo Shangazi amekuwa mkali. Leo wodini hakuna fundi anayepanda darini bila yeye kujua. Mmoja aliyejaribu alishushwa na ngazi yake. Mtunzaji mpya aliyemhurumia kichanga na kutaka kumhamisha alizuiwa mkono hewani, akaelezwa habari ya vifuniko vyekundu tangu mwanzo hadi mwisho, akaondoka ametulia kama aliyetoka mazikoni.

"Watu hudhani nimekuwa na roho ngumu," anasema. "Sivyo. Jaribio likiharibika, hufanywa tena. Likifanywa tena, wanakufa tena. Mimi ninachotaka ni kidogo tu. Anayekufa hapa afe mara moja."

Amebakiza miaka michache kustaafu. Anapanga, kabla ya kuondoka, kuwafundisha watunzaji wapya kazi zote mbili, kusugua maranda na kuzuia mkono, na anataka wafundishwe siku moja, na mtu mmoja, ili wasije wakadhani ni watu wawili tofauti.

Asubuhi imekua. Anamrudisha kichanga kiotani, anafunika, anasogea kwenye kizimba kilicho peke yake karibu na mlango. Ndani yake yumo jike mzee, manyoya yamepungua, sikio moja limechanika. Hana mtoto wala maziwa. Shangazi anamtazama nyayo.

"Bado waridi," anasema, na anaendelea na rafu.